Isaka Hakuulizwa

Jumapili, 2 Juni

Imefanana. Damu yangu na ya mdogo wangu, pamoja na hayo mengine waliyopima ambayo hata majina yake siyawezi — vyote vimefanana! Daktari alipiga simu Ijumaa. Leo kanisa zima linajua, na mimi sikufungua mdomo. Ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Alisimama wakati wa ushuhuda akasema Mungu amejibu, figo imepatikana. Imepatikana! Utadhani ilikuwa imepotea. Nami niko pale nimekaa, figo yenyewe imo ndani yangu, inasikiliza.

Watu wakapiga makofi, wakanigeukia. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Mdogo wangu hakuwepo. Siku hizi Jumapili anashinda kitandani, miguu imevimba hata viatu haviingii, na kinanda alichokuwa anatupigia kimefunikwa kitambaa kama maiti. Anaishi kwa mashine ya kusafisha damu, tangu mwaka jana. Daktari kasema mashine haitambeba siku zote, moyo wake umeanza kuchoka. Tumezaliwa wawili tu, yeye na mimi. Mama hayupo, baba hayupo. Mke wake alipimwa, hakufaa.

Naogopa. Haya, nimeandika. Naogopa kisu. Naogopa usingizi wa dawa, nisiamke. Nina watoto watatu. Na kinachonitisha kupita vyote: labda Mungu anataka nikubali, na mimi sitaki.

Jumanne, 4 Juni

Mashine ya kukandia imekufa tena. Tumekanda kwa mikono bekari nzima, mabega yanawaka moto. Mwokaji mkuu akaja kusimama karibu yangu, akasafisha koo. Eti ni kweli? Eti baada ya upasuaji sitanyanyua magunia ya unga? Nani atashika nafasi yangu? Habari zimefika mpaka kwenye tanuri. Nikamwambia muulize wifi yangu, yeye ndiye msemaji wa figo.

Nyumbani, kizaazaa kingine. Baba Watoto kaleta Biblia mezani! Mtu ambaye Biblia anaishika harusini na msibani tu. Kaipata ile ya Paulo, kwamba mke hana mamlaka juu ya mwili wake, mumewe ndiye anayo. Kasoma kwa sauti ya hakimu. Nikamwambia endelea. Akasema imetosha. Nikamnyang'anya nikaendelea mwenyewe: na mume vilevile hana mamlaka juu ya mwili wake, mkewe ndiye anayo. Basi kesho nakuagiza ukatoe wewe, nikamwambia.

Tukacheka. Mtoto wetu mkubwa naye akacheka, ingawa hakuelewa. Kisha Baba Watoto akaacha kucheka, akauliza polepole: nikuzike wewe ili nibaki na mdogo wako?

Nikatoa vyombo.

Ijumaa, 7 Juni

Leo walikaa kunisubiria Neno.

Kikundi chetu cha maombi kina utaratibu wake. Mtu akiwa na jambo zito, tunafunga siku nzima kila mmoja kwake, hakuna kupigiana simu. Jioni kila mmoja anakuja na aya aliyopewa, ameiandika kwenye kikaratasi, anaitia kikapuni. Aya zikikubaliana mbili au tatu, hao ni mashahidi, mapenzi ya Mungu yamejulikana, hakuna mjadala. Siwezi kukicheka kikapu hicho. Hata mimi niliolewa kwa kikapu. Na ndoa imesimama!

Msomaji ni Mama Nguzo. Tunamwita hivyo kwa sababu anaamini akiondoka paa la kanisa litashuka. Akatoa kikaratasi cha kwanza: Ibrahimu mlimani na mwanawe. Cha pili kilikuwa cha faraja tu. Cha tatu: Ibrahimu mlimani. Watu wakaanza kunong'ona. Cha nne akakifungua, akakiinua juu kila mtu akione. Ibrahimu mlimani!

Vigelegele. Wifi yangu alianguka magoti. Mimi nikabaki nakitazama kikapu.

Cha kwangu kilikuwa cha mwisho. Niliandika ile ya Bwana bustanini, usiku kabla ya kusulubiwa, kikombe kiniepuke. Mama Nguzo alikisoma haraka haraka, akakiweka chini ya vingine.

Wifi akanishika mikono yote miwili: unaona, wifi yangu, Ibrahimu aliamka asubuhi na mapema, hakubishana. Nikarudi nyumbani, nikamsimulia Baba Watoto. Akapiga meza. Safi! Kwani mtoto alichinjwa? Hakuchinjwa. Kondoo alitokea mwenyewe kichakani. Maana yake usiende!

Aya moja. Kila mtu anaingia nayo mlangoni na kutoka na kile alichokuwa nacho mfukoni.

Nimeisoma tena peke yangu. Hakuna anayemtazama Isaka. Kabebeshwa kuni. Kauliza swali moja tu, kondoo yuko wapi, akajibiwa nusu nusu. Baba yake kasemeshwa na Mungu, kasemeshwa na malaika. Isaka hakuulizwa. Hakuna aliyemwambia: wewe mwanangu, unaonaje?

Jumamosi, 8 Juni

Nimecheka mpaka nikakaa sakafuni.

Nilikuwa jikoni nasubiri maji yachemke. Macho yakaenda kwenye kalenda ya kanisa, ile yenye somo la kila siku, inayoning'inia pale miezi yote na hakuna anayeitazama. Ijumaa, tarehe saba. Ibrahimu mlimani! Somo la siku. Kalenda hiyo iko jikoni kwa kila mwanamke wa kikundi chetu. Wamefunga, wamechoka, njaa inauma, Neno haliji, wamekwenda kunywa maji — na kalenda hiyo hapo ukutani. Mashahidi watatu, mchapaji mmoja!

Nikampigia Mama Nguzo. Nilidhani atashtuka. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: na kalenda kaipanga nani, binti yangu? Nikasema kamati. Na kamati kaiita nani?

Hapo hutoki. Nimekata simu kicheko kimeisha. Maana huenda yuko sahihi. Mungu akitaka kusema na watu wenye njaa jikoni, kwani atashindwa kutumia kalenda? Lakini kama kila kitu ni sauti Yake, basi na kucheka kwangu ni sauti Yake, na hofu ya mume wangu, na yangu pia. Nitajuaje ipi ni ipi?

Maji yalichemka yakakauka. Sufuria imeungua.

Jumapili, 9 Juni

Nimemfuata Mchungaji ofisini baada ya ibada. Chumba kidogo, viti vya plastiki vimepangwa juu kwa juu mpaka dari. Nikamwambia sitaki kuombewa, nataka kuuliza. Akasema uliza.

Akanipa ile ya Mungu kutenda kazi ndani yetu, kutaka kwetu na kutenda kwetu. Nikamuuliza: kama hata kutaka kwangu anakuweka Yeye, na mimi nikijitazama ndani sioni kutaka, ni nani hajaweka? Akavua miwani akaifuta kwa tai. Akasema hilo ni fumbo. Akasema Mungu hamlazimishi mtu, ametuumba na hiari. Nikapumua. Kisha, nikiwa nimeshika kitasa: ila fikiria tu, mama, utamwambia nini siku ile ukisimama mbele Zake.

Loo! Mlango wazi, mbwa mlangoni.

Si mtu mbaya. Kamzika mama yangu vizuri. Naona hata yeye anaogopa kuniambia kitu, kisha nife.

Nimesoma ile ya bustanini tena. Jambo moja sikuwahi kuliona, na nimeisoma tangu shule ya Jumapili. Bwana anasema si kama nitakavyo mimi. Maana yake kulikuwa na atakavyo yeye. Alitaka kikombe kipite! Alitaka kitu kingine, akakisema wazi, akatoka jasho, akarudia mara kadhaa — na hakuna mahali panaposema alitenda dhambi kwa kutotaka. Basi na mimi kutotaka kwangu si dhambi. Angalau hilo.

Lakini yeye baadaye aliinuka akaenda.

Jumatano, 12 Juni

Hospitali. Vipimo vya mwisho, halafu mshauri wa wanaotoa figo. Chumba chake kina dirisha linalotazama jiko la wagonjwa, harufu ya uji. Mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Baba Watoto alitaka kuingia, akamwambia baba, wewe subiri nje. Wifi alitaka kuingia, naye nje! Nikampenda papo hapo.

Akafunga mlango. Akaniuliza: wewe unataka? Nikaanza kueleza Ibrahimu, kikapu, kalenda, Mchungaji. Akasubiri. Kisha akauliza vilevile, sauti ileile: wewe unataka?

Nikalia. Sijui hata nililia nini.

Akanipa kitambaa cha karatasi, akaniambia jambo ambalo sitamwambia mtu. Nikisema hapana, hapana hiyo itaishia chumbani mle. Familia itaambiwa tu kwamba imeonekana sifai kutoa. Hawaelezwi zaidi. Hata mume hatajua, hata mdogo wangu. Nikamwambia lakini huo si uongo? Sisi ni watu wa kanisa. Akaweka miwani machoni, akanitazama vizuri. Mtu asiyetaka hafai kutoa, akasema. Sisi tutasema hufai. Uongo uko wapi?

Nirudi Jumanne na jibu. Nimetoka pale miguu myepesi kama nimetua gunia. Wifi akauliza wamesemaje. Nikasema bado wanapima.

Alhamisi, 13 Juni

Nimelala usiku kucha kwa mara ya kwanza. Najua maana yake. Nimeshaamua.

Wifi alikuja asubuhi akanioshea vyombo, akafagia uwanja, akaninunulia mayai. Kila siku mayai! Ananitunza kama kuku wa sikukuu. Hasemi neno. Angesema ningegombana naye, ningepumua. Anafagia tu, mgongo umeinama, na kisigino cha kandambili yake kimelika chote. Nikajifungia chooni mpaka alipoondoka.

Jioni nikaenda kumwona mdogo wangu. Nilikuwa nakwepa. Kakaa kitandani, redio ya jirani imefunuliwa matumbo mapajani mwake — ni fundi redio, hata akifa atamwomba malaika bisibisi. Akasema: Dada, wakinitia figo yako naogopa nitaanza kufoka kama wewe. Nikacheka. Akasema nitaamka alfajiri nikande unga bila kujua kwa nini. Nikacheka tena. Nilicheka sana, kupita kiasi. Akaacha bisibisi, akanitazama uso.

Dada, umekonda.

Nikamwambia ni kazi, mashine ya kukandia imekufa. Akaitikia, akarudi kwenye redio, akaanza kuimba puani. Mdogo wangu akificha jambo huimba puani. Tangu alipokuwa akiiba sukari. Nilimbeba mgongoni, namjua.

Anaficha nini? Mimi ndiye ninayeficha.

Jumatatu, 17 Juni

Kesho. Neno moja tu. Hapana. Nimelifanyia mazoezi mbele ya tanuri, mwokaji mkuu akadhani namjibu yeye.

Ee Mungu, kama hutaki niseme hapana, nizuie. Nivunjie mguu. Nifungie barabara.

Kisha nikajiona nilivyo. Namwomba anizuie ili nisiwe mimi niliyeamua. Nikisema hapana, iwe ni Yeye aliyeniachia. Nikisema ndiyo, iwe ni Yeye aliyenisukuma. Mimi nipite katikati mikono safi.

Jumanne, 18 Juni

Sikufika kwa mshauri. Wifi alipiga simu nikiwa bekari, analia hata sielewi. Mdogo wangu kakataa! Kawaambia madaktari jana, kwenye mashine, hataki figo ya dada yake. Wasiniite tena.

Nikaingia stoo ya unga, nikafunga mlango. Nikacheza. Mungu anisamehe — nilicheza, peke yangu katikati ya magunia, unga ukapanda mpaka nikapiga chafya. Kondoo katokea kichakani! Bila mimi kusema kitu! Nilitaka kumpigia Baba Watoto nimwambie alisoma vizuri.

Mchana nikakata mkate, mkate wangu mwenyewe, wa moto. Haukupita kooni. Nikajaribu na maji. Haukupita. Maana ilikuwa imenijia: huyo kondoo ni nani? Katika habari ile mtoto anashuka mlimani mzima na kondoo ndiye anayebaki juu. Nani anabaki juu hapa?

Nikavua aproni, nikaenda. Nikamkuta kajilaza anatazama ukuta. Nikamuuliza kulikoni. Akasema Mungu kanionyesha nisipokee. Kwa aya gani, nikamuuliza. Ipo. Wapi? Ipo tu, Dada. Na hapo akaanza kuimba puani! Na yeye ana Mungu wake wa kumsingizia! Ukoo mzima sisi ni hivyo.

Nikamwambia nitazame, acha wimbo. Akageuka, akanitazama. Kisha akasema, maneno yake haya hapa, nisije nikayasahau: "Dada, niliuona uso wako siku ile. Ulicheka kama mtu aliyeshikiwa fimbo. Sasa hata nikipona, huo uso nitauweka wapi?"

Akasema amechoka, niende nyumbani. Nikaenda, kama mtoto aliyefukuzwa.

Jumatano, 19 Juni

Kila mtu ametulia. Ajabu! Mama Nguzo kapiga simu: Mungu akifunga mlango hakuna afunguaye, tushukuru. Baba Watoto jana kaleta soda, hakusema ni za nini, watoto wakanywa. Hata wifi naye ameanza: tumwachie Mungu. Lakini leo hakuja kufagia. Nimepita kwake nikamkuta kakaa kizingitini, ufagio mkononi, hafagii.

Wiki mbili nimemtafuta Mungu katika jambo hili kila mahali. Leo wote wananiambia huyo hapo, tazama, kaamua. Natazama, simwoni. Namwona kijana mwenye miguu iliyovimba aliyesoma uso wa dada yake, akaona heri afe kuliko kuniomba.

Nina hasira. Nina hasira mpaka unga leo umekandika vizuri kuliko siku zote. Nani kamwambia aamue kwa niaba yangu? Hapana ilikuwa yangu! Niliibeba siku zote hizo, niliifanyia mazoezi, kaninyang'anya mdomoni. Na ilipotoka mdomoni mwake niliisikia ilivyo.

Nimempigia mshauri. Kasema njoo kesho asubuhi.

Nikamwambia Baba Watoto wakati anakula. Akaweka kijiko chini. Nani kakuambia, akauliza, Mungu? Nikasema sijui. Ni mdogo wako? Hapana, yeye hataki. Mchungaji? Hapana. Akanitazama sana. Akasema aya ningeweza kubishana nayo, lakini hiyo "sijui" siiwezi. Akatoka nje kuosha lori analoendesha kazini, alilokuwa ameliosha asubuhi. Nimemsikia analisugua mpaka giza likaingia. Kama analia, sikwenda kutazama. Ni haki yake.

Bado naogopa. Hakuna kilichopungua, hata punje.

Alhamisi, 20 Juni

Naandika hapa hapa hospitalini, kwenye benchi la nje ya chumba cha mashine. Kalamu ya nesi.

Mshauri aliniuliza swali lake. Nikasema ndiyo, nataka. Akauliza nani amekusukuma safari hii. Nikasema hasira. Akasema hasira hupoa. Nikasema najua, jana usiku nimekaa nayo mpaka ikapoa, nikaona chini yake kuna kitu. Kitu gani? Nikatafuta neno. Nikasema nataka awepo. Basi. Nataka nizeeke naye akinitania. Na naogopa sana, andika hilo pia. Akaandika.

Hakuna sauti niliyosikia. Hakuna kikaratasi. Labda kutaka huku kumewekwa na Yeye kama Mchungaji anavyosema, labda ni kwangu mwenyewe. Nimejipapasa ndani nitafute mshono, wapi Yeye anaishia na mimi naanzia. Sijauona.

Lakini mshauri akasema kuna la pili. Mdogo wako alikataa, na yeye ana hiari yake kama wewe. Asipokubali kwa kinywa chake hatumgusi. Na usimlazimishe, akasema, kidole juu. Usiende na mchungaji.

Hapo nimekwama. Mimi niliyewachukia wote kwa kunisukuma — sasa ndio nakwenda kusukuma! Nitamwambia nini? Nikisema Mungu amesema, nitakuwa Mama Nguzo. Nikilia, nitakuwa wifi na ufagio wake. Nikinyamaza, atafia mikononi mwa heshima yetu.

Nesi alitoka kuniambia mgonjwa kasema hataki wageni. Nikamwambia mimi si mgeni, nimemfundisha huyo kutembea. Akacheka, akasema haya, ila nisimchoshe. Bado saa nzima ndipo afunguliwe. Hawezi kunikimbia.

Namwona kupitia kioo cha mlango. Mkono umenyooka, mirija miwili, damu yake inakwenda na kurudi. Kafumba macho kwa nguvu kama mtoto anayejifanya kalala. Uso umekunjamana kwa kujifanya.

Sura yangu ikoje? Sina kioo. Nimemuuliza nesi: uso wangu ukoje? Akashangaa. Akasema uko kama wa mtu mwenye njaa.

Basi auone huo huo. Sitacheka, sitautengeneza.

Kafumbua jicho moja! Kaniona. Kalifumba tena. Naingia —